Makopa ya Siku Mbili

Dada yangu alipotoka eda aliinuka mkekani kwa miguu yake, akaanguka kizingitini, na tangu siku ile hakutembea tena kama watu wanavyotembea. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na mengine nitazunguka mpaka nifike penyewe, na msomaji ameshalala.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mwaka gani hasa siwezi kuapa. Shule sikwenda. Nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, sikuhitimu, maana mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na mbio. Herufi hizi nimejifunza ukubwani, kwenye masomo ya watu wazima. Kwa hiyo miaka naihesabu kwa mambo yake, na mwaka huo ni ule ambao masika yalinyesha wiki mbili yakakata. Mpunga uliungua ungali majani. Mahindi yalitoa mabua, kunde zikakauka na maua yake. Pale Tongoni kilichobaki shambani kilikuwa muhogo, tena si ule mtamu wa kutafuna mbichi. Huo tuliumaliza mapema, na nguruwe wakatusaidia kuumaliza. Ulibaki mchungu, ambao nguruwe hawaugusi na nyani akiuonja anautema.

Muhogo mchungu si chakula mpaka ufanywe chakula. Unaumenya, unaupasua, unaurundika kivulini na kuufunika kwa majani ya mgomba siku tatu au nne mpaka uote ukungu. Ukungu unaukwangua, kisha unaanika juani siku saba, na mawingu yakiwepo unaongeza. Ukikauka sawasawa ndiyo makopa, na kopa lililoiva kwa jua ukilivunja hulia, ka! Hapo unatwanga, unachekecha, na unga wake unasonga bada. Hakuna mwanamke wa pwani ile asiyejua hivyo. Mimi nilijua kabla sijaanza kuvaa kanga, kwa hiyo nisije nikajitetea mbele kwamba sikujua.

Mume wa dada alikuwa amevuka kwenda Pemba kuchuma karafuu, kama walivyokuwa wakienda wengi. Wakati wa kurudi chombo kilipinduka. Waliookoka walikuja wakasema wamemwona kwa macho yao akizama, na maiti yake haikuonekana. Mwalimu wa msikiti aliwasikiliza mmoja mmoja, akasema huyu amekufa, mkewe akae eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, asitoke uani ila kwa haja.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kama ishirini, nimeshaolewa na nimeshaachwa. Niliachwa kwa ulimi wangu, watu walisema, na sitabishana nao. Basi nikaambiwa nenda kakae na dada yako umhudumie. Nyumba ilikuwa ya mavyaa wake, mama wa huyo marehemu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila mwanga na kivuli. Mtoto wake alikuwa huyo mmoja. Nilimwita bi mkubwa, na siku ya kwanza nilipompa shikamoo alinishika uso kwa viganja vyake vyote, akasema, "Marahaba. Wewe ndiye mwenye mdomo. Hapa utautumia kwa kula."

Kula kwenyewe kulikuwa wapi! Akiba ya nyumba ile iliishia kwenye msiba. Watu walikuja kwenye khitma hata kutoka Makorora, mjini, na katika mwaka wa njaa watu hufika mapema sana kwenye khitma na huondoka wamechelewa. Walikula mchele, wakala kuku wote hata yule anayeatamia, wakala makopa mazuri ya mwaka jana yaliyokuwa darini. Tulibaki wanawake watatu na shamba la muhogo mchungu.

Na kulikuwa na jambo la bahari. Sisi kule mwanamke ambaye mumewe amechukuliwa na bahari na hakurudishwa hali kitu cha bahari mpaka eda iishe. Samaki hali, pweza hali, hata dagaa mmoja. Sijui kama limeandikwa mahali. Mwalimu wa msikiti aliulizwa akasema katika dini hakuna hilo. Lakini bi mkubwa alisema, "Atakulaje kilichomla mumewe?" na ukiambiwa hivyo na mama aliyekosa hata kaburi la mwanawe, unanyamaza. Nadhani dada naye hakutaka.

Kwa hiyo dada yangu, miezi minne na siku kumi, alikula bada kwa kisamvu na chumvi. Nazi tukiipata tuliitia. Maharage hayakuwepo, maziwa hayakuwepo, nyama tuliisikia kwa jina.

Mimi nilikuwa nakula samaki.

Hili sikulisema kwa miaka mingi, na ndilo lenyewe. Mimi sikuwa mwenye eda, nilikuwa natoka. Kila siku maji yakitoka nilikwenda ufukweni kuokota kome, nikamkuta mwanamume mmoja mwenye mitego yake ya madema. Sikumpenda sana, nasema kweli, alikuwa na meno ya tumbaku. Lakini alikuwa akichoma samaki, changu, juu ya makuti, akinipasulia, akinipa kichwa. Nilikuwa nakula pale pale, nanawa kwa maji ya chumvi na mchanga nisinuke, narudi. Bi mkubwa nilimletea kome wachache kwenye upindo wa kanga. Dada nilimletea kuni.

Sasa ukae na muhogo siku kumi na moja, uugeuze asubuhi na jioni, uulinde na kuku wa watu, uulinde na watu wenyewe, kwa sababu mwaka ule watu waliiba hata muhogo ulio na ukungu. Mtu wa kwenda ufukweni atakwenda saa ngapi? Tena njaa haingojei siku kumi na moja. Nikaanza kupunguza. Kufunika nikaacha kabisa. Kuanika, kwanza nikatoa siku tatu katika saba. Halafu nikabaki na siku mbili. Nilikuwa nachukua vipande navianika juu ya mawe ya magofu ya kale yaliyopo pale Tongoni, jiwe likipata moto linakausha nje haraka, kopa linakuwa jeupe kama lilikaa wiki. Ndani bado bichi. Ukilivunja halilii, linapinda.

Bi mkubwa kwa kuwa haoni, alikuwa akipima kwa sikio. Kila mara kabla sijatwanga alikuwa akiniita, "Lete hapa, vunja nisikie." Basi nilichofanya ni hiki. Nilikuwa na makopa machache ya zamani ambayo wageni wa khitma hawakuyaona darini, makavu kama mfupa. Nikayaweka kwenye kikapu pembeni. Akiniita nachukua moja katika hayo namvunjia ncha yake sikioni. Ka!

"Hilo limeiva," anasema. "Vunja jingine."

Ka!

"Haya, twanga. Una mkono mzuri wewe, sijui yule mume alikuacha kwa nini."

Na mimi nacheka, nakwenda kutwanga yale mengine.

Dada ndiye aliyekuwa akila. Bi mkubwa alikuwa anakula kidogo mno, matonge mawili, na wale kome wake, na majirani walimtumia kipande cha samaki mara kwa mara kwa kumheshimu. Mimi nilishashiba changu. Sufuria nzima ilikuwa ya dada, na tulimhimiza.

Akasema siku moja, "Mdogo wangu, hili bada lako lina ukali."

"Ni njaa hiyo dada, njaa imekuharibu ulimi."

"Limenipa kizunguzungu. Na jana nilitapika."

"Basi usile," nikamwambia. "Nikupikie pilau?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, hata ndani ya nguo nyeupe. Akala. Baada ya kula alikuwa akijilaza, anashika kichwa, na mimi naosha sufuria huku naangalia kivuli cha nyumba nijue maji yametoka kiasi gani.

Mwezi wa mwisho dada alikuwa anahesabu siku. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja wa Makorora, aliyefiwa na mkewe, aliyekuja kwenye khitma na akaonekana anauliza mambo. Mwenye eda haposwi, ni haramu kumtamkia, lakini watu wana njia zao, shangazi mmoja akapita akasema, "Kuna watu wanangojea mwezi uandame." Dada akajifanya hakusikia. Jioni akaniuliza kama nywele zake bado zina rangi. Ndoa ile ilikuwa ndiyo mlango wake. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, na nyumba si yake. Akitoka pale anakwenda kwa nani?

Siku ya kutoka eda walikuja wanawake asubuhi, jua limeshapanda. Waliimba kidogo, wakamwogesha uani, wakamvua nyeupe wakampa kanga mpya. Kawaida yetu mwenye eda hutoka kwa mguu wake, huenda na wenzake mpaka ufukweni akanawa uso, akirudi anakaribishwa chakula. Bi mkubwa mwenyewe alikuwa ameagiza samaki, tena mkubwa, wa kupaka nazi. Sufuria ilikuwa jikoni.

Dada akasema, "Miguu yangu leo mizito. Tangu alfajiri inatetemeka."

Mwanamke mmoja akamwambia, "Miezi minne umekaa kama mtungi, kwa nini isitetemeke? Simama, bibi harusi!"

Wakacheka wote, nami pia. Dada akasimama. Magoti yakagongana. Visigino vikainuka, akawa anasimama kwa vidole, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Akapiga hatua, mguu wa kulia ukapita mbele ya wa kushoto, ukajifunga. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa kizingitini.

"Ganzi hiyo," wakasema. "Ganzi ya eda. Msugueni."

Tukamsugua. Tulimsugua siku hiyo kwa mafuta ya nazi ya moto, na kesho yake kwa mchanga wa moto uliofungwa kitambaani, na wiki nzima. Haikuwa ganzi. Mtu wa ganzi hasikii. Dada alikuwa akisikia kila kitu, hata nzi. Na miguu haikuwa imelegea kama ya mtu aliyepooza, ilikuwa imekaza kama kamba iliyolowa. Ukiikunja inakataa, ukiiachia inaruka. Bi mkubwa ndiye aliyekuwa akikaa naye zaidi, kipofu yule, anampapasa mashavu ya miguu kuanzia asubuhi, anamsomea dua anazozijua. Samaki aliyepikwa siku ile waliokuja kuimba walimla.

Mganga aliitwa. Akaja, akanusa nyumba, akauliza nani alikuwa na uchungu na kijana aliyekufa. Hakumtaja mtu. Akala, akaenda.

Baada ya wiki tatu tukapata lori la mbata linalokwenda mjini, tukampakia juu ya magunia, mimi na bi mkubwa tukakaa naye. Hospitali daktari alikuwa Mzungu, na msaidizi wake mtu wa Bonde, ndiye aliyekuwa akitueleza. Daktari alimgonga dada goti kwa kinyundo kidogo, mguu ukaruka kwa nguvu ukampiga tumboni. Akakamata wayo akausukuma juu, ukaanza kupiga wenyewe, tatatata, kama mguu wa cherehani, na haukutaka kusimama. Dada akaangalia ukuta. Nadhani aliiwaza cherehani kama nilivyoiwaza mimi. Daktari akamwangalia na uti wa mgongo, pingili kwa pingili, akitafuta kibiongo. Hakikuwepo.

Msaidizi akatuambia, "Kilichoharibika ni ndani ya uti, ile mishipa inayopeleka amri miguuni. Daktari hajui kimeuharibu nini. Dawa hana. Mpeni samaki, mayai, maharage. Asikae na njaa."

"Atatembea?" nikauliza.

"Kwa fimbo mbili. Labda moja."

Tukatoka tukakaa barazani kungojea lori. Palikuwa na mwanamke mmoja, mke wa manamba wa mashamba ya mkonge, mtu wa kusini mbali, karibu na mto Ruvuma, Kiswahili chake kizito. Alikuwa amemleta mtoto wa homa. Alimtazama dada akipita kwa vidole, tumemshika mkono huku na huku, na vile mguu unavyojifunga. Akasema bila kuulizwa, "Hiyo ni muhogo."

Bi mkubwa akageuza kichwa. "Nini?"

"Kwetu njaa ikija tunaona. Watu wanakula muhogo mkali haujakauka, hakuna samaki, hakuna maharage. Mtu analala mzima, anaamka hivyo. Wanawake na watoto. Kwetu walikuwa wawili mlango mmoja. Nyinyi mlianika siku ngapi?"

Mpaka leo nalisikia swali lile. Dada akaniangalia. Si kwa ubaya. Aliniangalia kwa sababu mpishi ndiye anayejua.

Bi mkubwa akajibu kabla yangu. Alikuwa ameudhika, wallahi, kama mtu aliyetukaniwa jiko. "Nyumbani kwangu hakuliwi kopa ambalo halijalia. Nimeyasikiliza mwenyewe, moja moja, kwa sikio langu hili. Muulize huyu."

Yule mwanamke akaniangalia mimi.

"Siku saba," nikasema. "Na kufunika siku nne."

"Basi labda ni jingine," akasema, akamgeuzia mtoto wake ziwa.

Sasa fikiri. Kama nyumba ile haikulisha muhogo mbovu, na daktari hajui, ni nini basi? Tuliporudi kijijini watu walikuwa na jibu tayari. Nani alikuwa na uchungu? Nani alikosa mtoto na kubaki na mkwe mzima, kijana, anayetaka kuolewa na mwingine kabla maji hayajakauka? Nani alikuwa akimpapasa miguu siku nzima akisoma yasiyosikika? Wakasema amemfunga miguu asimwache. Na mimi nilisema nini? Ningenyamaza ningekuwa na kheri kidogo. Lakini nilisema. Kisimani mwanamke mmoja wa jirani, rika langu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo, aliniuliza, "Wewe uliyelala mle, hukuona kitu?" Nikamwambia, "Anamshika kila siku, anasema maneno yake." Hilo tu. Yeye akajaza.

Dada aliyasikia, akaamini. Alikuwa na haja ya kuamini kitu. Bi mkubwa akija kumpapasa alianza kuvuta miguu, na miguu ile ukiivuta inapigapiga yenyewe, ikawa kama inamfukuza yule mama. Majirani wakaacha kumletea kipande cha samaki. Kuni hakukatiwa. Siku moja alimwita dada kwa jina la binti, "Mwanangu, nimekufanya nini?" Dada akasema, "Unajua mwenyewe." Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchicha.

Yule fundi cherehani alikuja. Alikunywa kahawa, akamwona dada akijaribu kuinuka kumwamkia, akamaliza kahawa akasema atapita tena. Sikumlaumu. Anayo haki mtu ya kutaka mke wa kuchota maji.

Bi mkubwa aliondoka mwezi wa Rajabu, nyumba akaiacha ilivyo. Alikuwa na jamaa huko Pemba, upande wa mama yake, wakaja wakamchukua. Kipofu anapandishwa chomboni katika bahari ile ile, na hakuna wa kijijini aliyemsindikiza. Tulisikia amekufa kabla ya mwaka. Watu wakasema, mmeona?

Mimi nilimchukua dada. Nilikuja kuolewa mara ya pili Nguvumali, si na yule wa madema, na kila mume niliyempata nilimpa sharti moja, kwamba nina dada. Nilimwogesha, nilimtengenezea fimbo kila zilipolika, na zililika haraka kwa ule mwendo wa kuburura vidole. Watu walinisifu. "Ndugu kama huyu hapatikani siku hizi," walisema mbele yangu, na dada akaitikia. Zile sifa nilizimeza miaka mingi kuliko ninavyoweza kueleza.

Nilimwambia tukiwa wazee wote wawili. Hakukuwa na sababu kubwa. Tulikuwa uani, akasema kwa mazungumzo tu, yule mama Mungu hatamsamehe. Nikasema, dada, ni mimi. Nikamweleza mawe ya magofu, na kikapu cha pembeni, na samaki wa ufukweni, na siku mbili.

Alivuta fimbo zake akaziweka magotini. Halafu akauliza, "Ulikuwa unamvunjia yapi?"

"Ya zamani. Yaliyolia."

"Naye anasikiliza."

"Anasikiliza."

Nilingoja anitukane. Miguu yake hakuitaja, hata kidogo. Akasema, "Kesho utakwenda Tongoni. Utaingia kila mlango wenye mtu wa rika letu, useme ulivyosema hapa."

Nikaenda. Waliobaki walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa kiziwi, nikapiga kelele mpaka wajukuu wake wakaja wakacheka. Wa pili alisikiliza vizuri, akaniuliza, "Bi mkubwa yupi? Yule wa mpera?" Hakumkumbuka. Wa tatu ni yule wa kisimani, naye alimkumbuka sana. Alinitilia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe umezeeka, unajitwisha mambo. Muhogo gani unafunga miguu? Tulikula wote. Yule mama alikuwa mchawi, na mwenyewe uliniambia."

Nikarudi Nguvumali magharibi inaingia. Dada alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha, fimbo magotini.

"Wamesemaje?"

Nikamwambia yote, la kiziwi, la mpera, na la huyu wa chai.

"Huyo wa mwisho hakuamini?"

"Hakuamini."

"Basi kesho rudi," akasema. "Na kesho kutwa."

Nilirudi mara nne. Mara ya tano yule mwanamke alifunga mlango aliponiona kwa mbali, nikasema maneno yangu pale nje, kwa sauti, mbele ya mlango, watoto wa watu wakinitazama.